Bodi Iliyovishwa Kitambaa cha Msahafu

Nilikuwa Makangale, nimepiga magoti nyuma ya friji ya chanjo kwenye kituo cha afya, simu ilipolia mfukoni. Aliyepiga alikuwa inchaji, yaani muuguzi mkuu, wa wodi ya watoto njiti katika hospitali ninayofanyia kazi. Ni mwanamke wa makamo kama mimi, mtaratibu, na si mtu wa kupiga simu ovyo.

"Fundi, mzigo wako umefika na boti ya leo," alisema. "Nimeufungua nikautazama. Hauna hata mkwaruzo."

"Umeufungua, Bi Inchaji?"

"Nimeufungua na nimeuweka mahali pazuri. Wala usiikimbize hiyo pikipiki. Nimeuhifadhi kama unavyohifadhiwa msahafu."

Nilimshukuru, nikakata simu. Nilidhani ile ilikuwa namna tu ya kusema. Hata hivyo nilibaki pale chini, bisibisi mkononi. Sikuogopa habari ya msahafu. Niliogopa lile neno kufungua.

Ndani ya mzigo ule mlikuwa na bodi moja ya umeme, upana wake kiasi cha daftari la shule, iliyojaa vipande vidogo vyeusi. Ilikuwa ndiyo akili ya inkubeta yetu ya pili. Inkubeta ni lile sanduku la plastiki angavu wanamolazwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ili wapate joto ambalo miili yao haijaweza kujitengenezea. Bodi ya mwanzo iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Inkubeta ya kwanza ilikuwa nzima, lakini tayari ilikuwa na watoto wawili, wamelazwa mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni mwa yule, kama ndugu kwenye kitanda kimoja. Mashine za aina ile haziundwi tena. Aliyetutafutia bodi huko nje alituambia hiyo aliyoipata ndiyo hiyo, nyingine asingeweza kuahidi.

Na siku zile tulikuwa na mtoto anayeisubiri. Binti wa dada yangu, anayeishi Wambaa, alijifungua kabla miezi haijatimia. Alipasuliwa, akapata mtoto wa kiume mwenye kichwa kiasi cha chungwa na ngozi nyembamba ambayo chini yake mishipa ilionekana. Kisha mama akashikwa na homa, akahamishiwa wodi nyingine, hana nguvu ya kumshika mwanawe. Dada yangu, ambaye ni bibi wa mtoto, ndiye aliyembeba kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa pamoja kwa kanga. Daktari alisema joto la kifua ni zuri, na kwa watoto wengi linatosha. Lakini huyu alikuwa akisahau kuvuta pumzi mara kwa mara, na macho yake yalianza kuwa na umanjano. Kama umanjano ungezidi, ingebidi alazwe chini ya taa maalumu, uchi, amewekewa dripu, na hapo hapangekuwa na kifua cha kumbeba. Angehitaji lile sanduku.

Kwa hiyo nilifunga friji ya watu wa Makangale, nikapanda pikipiki, nikaingia njia ya msitu wa Ngezi kuelekea kusini. Njia nzima nilikuwa nikiwaza jambo ambalo halionekani kwa macho.

Mimi sikupita chuo. Nilianza kwa kufungua redio za majirani Wawi, nikaendelea kwa kusoma vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya maboksi ya mashine, ambavyo kwa kawaida hubaki humo humo kwenye maboksi. Nilivisoma kamusi ikiwa ubavuni. Katika karibu kila kimoja nilikuta alama ile ile: pembetatu, ndani yake mkono wa mtu, na juu ya mkono mstari. Ilinichukua muda kujua kwamba alama ile inazungumzia umeme tuli, yaani ule unaojikusanya juu ya vitu vinaposuguana, kama shati la nailoni linalotatarika ukilivua. Kwa mtu haudhuru. Kwa kipande cheusi cha kwenye bodi, ni kama msumari wa moto. Na cheche inayotosha kukitoboa ni ndogo kuliko ile ambayo kidole cha mtu kinaweza kuihisi. Unaweza kuua mashine na usijue kwamba umeigusa vibaya.

Kuua hakunitishi sana. Bodi iliyokufa haiwaki, na mashine isiyowaka haimdanganyi mtu. Kinachonitisha ni kujeruhi. Kuna wakati cheche haitoboi hadi mwisho. Inachubua tu ndani, na bodi huwaka, hufanya kazi, hupita majaribio yote, kisha siku moja isiyojulikana huanza kusema uongo. Sina mita inayoweza kunionyesha jeraha lile.

Watu huniambia Pemba hakuna mambo hayo, hewa yetu ina unyevu, umeme tuli ni wa nchi kavu na za baridi. Wanasema kweli, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lakini kaskazi inapovuma na jua likapiga, na ndani ya chumba kukawa na kiyoyozi kinachofyonza maji ya hewa, na watu wamevaa nguo za siku hizi ambazo hazina uzi wa pamba hata mmoja, basi chumba hicho si Pemba tena. Ndiyo maana mimi hufanya kazi kwa shati la pamba, nje ya dirisha la karakana yangu nimezika fimbo ya shaba ardhini, na ninaimwagia maji. Kutoka kwenye fimbo ile nimevuta waya hadi mezani, na kutoka mezani hadi kwenye mkanda ninaouvaa kifundoni mwa mkono, ili umeme wowote ulio mwilini mwangu uteremke taratibu ardhini kabla sijagusa kitu. Wauguzi wakinikuta nimeuvaa hawaniachi. "Fundi leo kafungwa kamba asitoroke," husema mmoja. Mwingine hudakia, "Ile si kamba, ni hirizi. Muulize kapewa na mganga gani." Huwa nacheka nao. Siku ile, njiani, sikucheka na chochote.

Ofisi ya inchaji iko mwisho wa wodi. Ni chumba kidogo, na ndicho pekee chenye kiyoyozi kwa sababu dawa zinazotaka baridi huwekwa humo. Chini kuna zulia la kijani, na viatu huvuliwa mlangoni. Aliingia mbele yangu, miguu ndani ya soksi nyembamba, buibui lake jeusi likiburuta juu ya zulia. Alinyanyua mikono hadi rafu ya juu kabisa, juu ya makopo yote, akasema bismillahi, akateremsha kifurushi cha satini ya kijani chenye nyuzi za rangi ya dhahabu, akakiweka mezani.

Haikuwa namna ya kusema. Kilikuwa kitambaa cha msahafu hasa.

"Nilikishona kwa mkono wangu," alisema. "Kipya. Hakijatumika."

"Bi Inchaji, usikifungue kwanza."

Lakini alikwisha kukunjua upande mmoja, na katika ule utulivu wa chumba nilisikia tatata ndogo, kama chumvi inayoanguka kwenye kaa la moto. Vinyweleo vya mkono wangu vilisimama. Bodi ilikuwa mle ndani, imelala tupu, imezungukwa na satini pande zote.

"Wacha hapo hapo," nilisema. "Tafadhali. Toa mikono."

Alitoa mikono kama aliyeguswa na nyoka. "Kuna nini?"

"Ilikuja ndani ya mfuko. Mfuko wa rangi ya fedha, unaozuia cheche."

"Ndiyo. Ulikuwa umekunjamana na una vumbi la botini. Nikasema kitu chenyewe ni cha watoto wachanga, hakiwezi kukaa kwenye uchafu. Nimeutupa."

"Na ile alama ya mkono uliopigwa mstari, uliiona?"

"Niliiona, fundi. Mimi si kipofu. Mkono umekatazwa. Nikajua wanataka mkono safi." Alininyooshea viganja vyote viwili. "Nikaenda nikatia udhu, nikarudi, ndiyo nikaigusa."

Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kukutana na mtu aliyeipokea bodi ya umeme kwa udhu. Kisha nikaanza kumuuliza, maana sikuwa na njia nyingine ya kujua. Alitia udhu wapi? Kwenye bomba la nje, kwenye saruji. Aliufungulia mfuko huko au humu? Humu. Miguu ilikuwa mitupu au ana soksi? Hakumbuki. Mikono ilikuwa bado na maji? Aliifuta kidogo. Kwa kitu gani? Kwa buibui. Bodi aliishika kwa pembeni au katikati? Alitembea nayo juu ya zulia? Kiyoyozi kilikuwa kinawaka?

"Fundi," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "mbona waniuliza kama polisi? Nimeiua?"

"Sijui."

"Sijui ya nini? Wewe ndiye fundi."

"Sijui, Bi Inchaji. Wallahi sijui."

Nilikuwa nikihesabu kichwani. Ngozi yenye maji na miguu mitupu kwenye saruji vingekuwa vimemwondolea umeme wote mwilini, udhu ule ungekuwa umeilinda bodi kuliko kitu kingine chochote. Soksi na zulia vingekuwa vimeurudisha. Kisha satini, na kila mtu aliyefungua mlango na kutikisa rafu. Kila hatua ilikuwa na uwezekano wa pande mbili, na sikuweza kuufunga hata mmoja.

Nilimweleza kwa maneno machache jinsi nailoni, ambayo ndiyo uzi wa satini ile, inavyofanya. Alisikiliza kichwa kimeinama. Mwisho aliuliza, polepole, kama anayeogopa kusikia jibu: "Kwa hiyo kitambaa cha Qurani ndicho kilichodhuru?"

"Si kwa sababu ni cha Qurani. Kwa sababu ni nailoni. Msahafu hauna transista, ukiuvisha hivyo haupati kitu."

Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilitoka, nikalowesha taulo la pamba, nikarudi nikalitandaza chini ya miguu yangu, nikashika bomba la chuma la sinki lililokuwa kando ya meza, na ndipo nikaichukua bodi kwa pembeni.

Niliifunga kwenye inkubeta karakanani, mkanda mkononi, sizungumzi na mtu. Nilipobonyeza swichi taa ziliwaka zote. Feni ilivuma. Namba za joto zilipanda taratibu, zikafika nilipoziomba, zikatulia hapo. Nilijaribu kengele za hatari moja baada ya nyingine, zikalia kama zinavyotakiwa kulia. Tuliisukuma hadi wodini, na wauguzi walipoona namba zinang'aa mmoja wao alipiga kigelegele, akanyamazishwa kwa ajili ya watoto waliolala.

Dada yangu alikuwa kwenye kiti chake, mtoto kifuani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Alhamdulillahi," alisema. "Haya, mfungueni nimlaze."

"Bado, dada."

"Bado nini?"

"Nataka kuitazama kwanza."

"Kino kisanduku chawaka taa, chavuma, chatoa joto. Weye wataka kikupigie na salamu?"

Watu walicheka. Mimi nilibaki nikiitazama ile namba. Nilikuwa nikiogopa mambo mawili, na hayakuwa sawa. La kwanza ni bodi kuzimika na mtoto kupoa. Hilo lina kengele, na lina watu. La pili ni bodi kuendelea kuonyesha namba nzuri huku joto la ndani likipanda kuliko namba, na kumchemsha mtoto polepole mbele ya macho yetu, sote tukiwa tumeridhika. Mashine ile ina kinga ya joto kali inayotakiwa kukata umeme jambo hilo likitokea, lakini katika aina hii ya zamani kinga yenyewe imepandikizwa kwenye bodi hiyo hiyo. Mlinzi na yule anayemchunga walikuwa wamelala pamoja ndani ya satini.

Daktari wa watoto, kijana kutoka Unguja, alikuja akasimama kando yangu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na hilo nilimshukuru.

"Sasa fundi, niambie neno moja," alisema. "Ni salama au si salama?"

"Siwezi kusema ni salama. Wala siwezi kusema si salama."

"Hilo ni jibu la kadhi, si la fundi."

"Ndilo nililo nalo, Daktari."

Alikuna kidevu. Tulikubaliana iwashwe tupu kwanza, na ndani tuweke chupa ya maji badala ya mtoto, na kipimajoto cha kioo, kile cha spiriti nyekundu, kisicho na waya wala betri. Nilikichagua kwa sababu hakiwezi kujeruhiwa na cheche. Kama namba ya mashine na mstari mwekundu vingekubaliana kwa muda wa kutosha, tungezungumza tena.

Nikakaa. Kila nilipoona namba na mstari vimekubaliana nilipata nafuu ndogo, na papo hapo nilijikumbusha kwamba kukubaliana kwa sasa hakuthibitishi kitu kuhusu kesho. Upande wa pili wa chumba dada yangu alianza kusinzia, shingo ikimwangukia. Mtu anayesinzia hawezi kusikia pumzi ya mtoto inaposimama. Na kila nilivyozidi kuwa mwangalifu na mashine, ndivyo nilivyozidi kumwacha mtoto kwenye kifua kilichochoka. Uangalifu wangu nao ulikuwa hatari. Sikuwa nimewahi kuufikiria hivyo.

Inchaji ndiye aliyesogea. Alikwisha kuvua buibui na soksi, amevaa gauni la pamba na kanga, miguu mitupu kwenye sakafu.

"Nipe mie, shoga," alimwambia dada yangu. "Kalale kidogo."

"Utaweza? Ana tabia ya kunyamaza huyu. Akinyamaza mkune unyayo."

"Nimelea watu humu kabla mjukuu wako hajafikiriwa. Lete."

Wakamhamisha kutoka kifua hadi kifua chini ya kanga, upesi, kama wanaopokezana kaa la moto. Inchaji alikaa mkabala nami, kidevu juu ya kile kichwa kidogo. Hakuniuliza kitu kuhusu bodi. Aliangalia tu kila mahali nilipoangalia mimi.

Walipokezana hivyo, yeye na dada na wauguzi wengine, hadi asubuhi iliyofuata, na namba na mstari havikuachana. Kisha majibu ya damu yakarudi. Umanjano ulikuwa umepanda sana. Daktari hakuniuliza tena kuhusu salama.

"Anaingia," alisema. "Taa na dripu. Ile nyingine haina nafasi ya watatu, na mmoja wa wale wawili ana maambukizi. Fundi, una sharti?"

"Kipimajoto cha kioo kibaki ndani, nimekifunga kwa utepe wa pamba ukutani. Na pasipite muda bila mtu kusoma vyote viwili. Asiangalie namba peke yake hata mara moja."

"Umepata."

Nilifungua mlango wa inkubeta kwa mkono wangu. Dada yangu alimlaza, akamvutavuta mkono usibanwe, wakamfunika macho kwa kitambaa, wakawasha taa ya buluu juu yake. Rangi ya ngozi ilibadilika, akawa kama mtoto wa chini ya maji. Namba ilisomeka vizuri. Mstari mwekundu ulisomeka vizuri.

Tulisoma kwa zamu. Dada yangu hajui kusoma namba za mashine kwa haraka, basi alishika kazi ya kutazama kifua cha mtoto. Inchaji alisoma mstari, mimi namba, kisha tunabadilishana ili jicho la mtu lisizoee. Hata chakula tulikula tumesimama.

Alasiri, nikiwa nimetoka kunawa, nilirudi nikatazama namba: nzuri. Nikatazama mstari mwekundu. Ulikuwa juu. Ulikuwa juu kwa digrii tatu nzima.

Sikupiga kelele. Nakumbuka nilisema tu, "Mtoe." Inchaji alipoona uso wangu hakuuliza. Alizima taa, akafungua mlango, akamtoa mtoto na dripu yake, akambana kifuani. Dada yangu aliinuka kwenye kiti akaanza kusema "Nini? Nini?" Ndilo lile la pili. Limekuja. Nilikuwa nimemlaza mjukuu wa dada yangu ndani ya uongo huku nikiwa mtu pekee hospitali nzima aliyejua kwamba uongo ule unawezekana.

Mtoto alilia, kilio chembamba cha hasira. Inchaji alimwekea kipimajoto kwapani. "Yuko sawa," alisema. "Fundi, joto lake sawa. Hana homa."

Niliingiza mkono kwenye sanduku. Hewa ilikuwa ya joto la kawaida. Nikakitafuta kipimajoto cha kioo, nikakuta utepe wake umefunguliwa na kufungwa tena upande mwingine, na ncha yake imelala moja kwa moja kwenye tundu ambamo hewa moto hutokea.

"Nani amekihamisha?"

Dada yangu akasema, "Mie. Kilikuwa chamgusa mkononi. Kioo kile. Nikaona kitamchoma, nikakisogeza."

Nilikirudisha mahali pake. Tukasubiri. Mstari ulishuka, ukashuka, ukasimama sambamba na namba. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta.

"Basi mashine nzima," dada alisema.

"Kipimajoto ndicho kilichokuwa mahali pabaya. Kuhusu mashine sijajua."

"Na utajua lini?"

Nilitazama mstari mwekundu. Jibu lilikuwa kwamba huenda nisijue kamwe. Alinitazama kwa muda mrefu, na nadhani ndipo alipoelewa hofu yangu ni ya namna gani, maana hakunitania tena. Alikisogeza kiti chake karibu zaidi na sanduku. Mtoto akarudishwa ndani.

Umanjano ulianza kushuka siku zilizofuata. Dripu ikatolewa, kisha taa ikazimwa. Mtoto akaanza kukumbuka kuvuta pumzi bila kukunwa unyayo. Tuliendelea kusoma vyote viwili hadi siku alipotolewa. Bodi ile ingali inafanya kazi mpaka ninapoandika haya, na mtoto anayelazwa humo leo husomewa namba na mstari vile vile. Wageni huuliza kwa nini mashine inayojipima joto yenyewe ina kipimajoto cha kioo ndani. Inchaji ndiye huwaeleza. Mimi sipendi kueleza, kwa sababu nikifika mwisho wa maelezo huulizwa: basi ni nzima?

Mpwa wangu alipopata nafuu alikuja wodini akijishika kidonda, akiegemea bega la mamake. Hakuwa amemwona mwanawe tangu homa ilipoanza. Alikaa, akafunguliwa kanga, akawekewa mtoto kifuani, na kwa muda alimnusa tu kichwani. Kisha aliinua macho, akalitazama lile sanduku tupu lililokuwa bado likivuma kando yake, taa zake zikiwaka.

"Mjomba," alisema, "mama kanambia ulikuwa hulali. Alikuwa salama humo?"

Dada yangu aligeuka kunitazama. Inchaji aliacha alichokuwa akikifanya.

Ningeweza kusema ndiyo. Angefurahi, na hakuna ambaye angenisuta. Niligusa ukuta wa sanduku kwa kiganja, nikahisi joto lake.

"Alikuwa na joto zuri," nilimwambia. "Kila tulipotazama, alikuwa na joto zuri."

Aliitikia kwa kichwa, akamfunika mtoto vizuri kwa kanga, na hakuuliza tena.